Tukumbuke utafiti wa magonjwa tunapoandika wosia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa Mtwara na Lindi tumekwisha kulifanya kwa ajili ya mikorosho, lakini bado hatujalifanya kwa ajili ya miili yetu: kutenga sehemu ya mali zetu kugharimia utafiti. Kwa upande wa miili yetu, njia ninayoipendekeza ni wosia.

Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi korosho ilivyoanguka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa hayafiki tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo bei mbaya na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao wakati wa vijiji vya ujamaa, lakini kubwa mojawapo ilikuwa ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyafunika maua kwa unga mweupe hadi yanakauka kabla ya kushika. Watafiti wa Naliendele, hapa hapa Mtwara, waliusoma ugonjwa huo, wakatufundisha kupulizia salfa na kutuletea miche bora, na wakulima tukakatwa fedha katika kila kilo, sehemu ya makato hayo ikienda kwenye utafiti. Tulinung'unika, lakini tulilipa, kwa kuwa kila mmoja wetu aliona kwa macho yake mti uliopuliziwa na mti ulioachwa.

Sasa naomba tuutazame mwili wa binadamu. Mwaka 1952 palizuka katika uwanda wa juu wa Wamakonde homa iliyowapinda watu viungo hata wakashindwa kusimama wima, na wenyeji wakaipa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Jina hilo, chikungunya, leo linatamkwa na madaktari wa dunia nzima, kutoka India hadi Brazil. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, yaani miaka 71 baadaye. Jina ni letu na maumivu ya kwanza yaliyoandikwa vitabuni ni yetu, lakini katika fedha zilizolipia miaka hiyo yote ya kutafuta sijui kama kuna hata shilingi moja iliyotoka katika urithi wa Mmakonde, Mmwera au Myao. Siandiki haya kwa kumlaumu mtu. Nayaandika kwa sababu magonjwa yanayowasumbua zaidi watu wa vijijini hayana mnunuzi mwenye fedha anayesubiri dawa, na kwa hiyo utafiti wake hutegemea sana watu wanaotoa bila kutarajia faida.

Wala tusidhani kwamba utafiti lazima uwe mashine za mabilioni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palitokea katika mkoa wetu watu waliopooza miguu ghafla, wengi wao watoto na akina mama, na wataalamu wakathibitisha kuwa ni konzo, ugonjwa unaotokana na sumu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, hasa wakati wa ukame na njaa. Mojawapo ya njia za kujikinga zilizopatikana kwa utafiti ni kuulowesha unga wa muhogo kwa maji, kuutandaza mwembamba na kuuacha saa mbili juani au tano kivulini ili sumu itoke hewani, ndipo usongwe ugali. Hakuna mama wa Newala au Tandahimba asiyeweza kufanya hivyo. Lakini ili neno hilo dogo lisemwe kwa uhakika, ilibidi mtu apime unga, apime mikojo ya watoto, arudi tena kupima, na alipwe nauli.

Mimi mwenyewe niliuona utafiti kwa mara ya kwanza nikiwa msichana, usiku. Walikuja kijijini kwetu watu wa maabara baada ya sala ya Isha, wakaweka meza chini ya mwembe, na shangazi yangu akapewa kazi ya kushika taa ya chemli. Tulipanga foleni, kila mmoja akachomwa kidole na tone la damu likapakwa kwenye kioo chembamba. Wazee waliingiwa na hofu: kwa nini damu ichukuliwe gizani? Mmoja wa wale wageni akaeleza kwa upole kwamba vimelea vya matende na mabusha hujificha mchana na hutoka kwenye damu ya juu usiku, saa ambazo mbu wake huuma, na kwamba ukimpima mgonjwa mchana unaweza kumwambia ni mzima. Mjomba wangu, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama gogo na ngozi yake imepasuka, alikaa karibu na meza ile mpaka watu wote wakaisha, akiuliza maswali.

Mjomba huyo ndiye sababu ya barua hii. Alipofariki dunia, miaka mingi baadaye, tulikuta katika sanduku lake karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa penseli, ikisema kwamba fungu la fedha za korosho zake "liende kwa wanaotafuta dawa ya mguu". Hakutaja taasisi. Hakuweka tarehe, na shahidi alikuwa mmoja tu, naye ni mtoto wake anayerithi. Msimamizi wa mirathi, mtu mwaminifu kabisa, alizunguka na ile karatasi kwenye ofisi mbili tatu, na katika mojawapo aliambiwa aache fedha mezani bila stakabadhi. Alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Mwishowe fedha ziligawanywa kwa warithi, na nia ya marehemu ikaishia kwenye penseli.

Kwa hiyo anayetaka kuacha zawadi ya namna hii na aiandike ipasavyo. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 inataka wosia wa maandishi uwe na tarehe, uandikwe kwa wino usiofutika, na ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika ikiwa mwenye wosia anajua kusoma, au wanne ikiwa hajui. Mashahidi wasiwe watu wanaotarajia kurithi. Sisi Waislamu tuna mpaka wetu unaojulikana, kwamba baada ya gharama za mazishi na madeni, wosia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi moja ya kilichobaki, na Mtume alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba hata hiyo theluthi ni nyingi. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, huandika na kuhifadhi wosia kwa ada, jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na karatasi iliyo kwao haiwezi kuliwa na mchwa wala kuchanwa na mrithi mwenye hasira.

Katika maneno ya zawadi yenyewe, taasisi itajwe kwa jina lake kamili. Iko Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979, ambayo kwa kuwa ni ya umma hesabu zake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Iko pia Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara iliyoanzishwa mwaka 1956. Iandikwe pia kwamba ikiwa taasisi hiyo imebadili jina au imefungwa, msimamizi aipeleke zawadi kwa nyingine yenye kazi inayofanana. Ninashauri kuacha sehemu, kwa mfano moja ya ishirini ya kinachobaki, kuliko kutaja kiasi cha shilingi, maana sote tumeona shilingi laki moja ya miaka ishirini iliyopita ilivyobaki jina tu. Na mwenye mikorosho asiwape watafiti miti. Hawatatoka Dar es Salaam kuja hadi Kitangari kupalilia. Aandike kwamba msimamizi auze mavuno ya miti fulani kwa misimu fulani na kuwasilisha fedha kwa stakabadhi.

Ninajua jibu litakalokuja kwanza: watoto wetu wenyewe hawajashiba. Ni kweli, na mwenye watoto wadogo au mjane asiye na kipato awaangalie hao kwanza, wala asione aibu. Ninawasemea wale ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea, wastaafu wenye nyumba ya kupangisha au shamba linalozaa kuliko mahitaji yao. Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyezaliwa Marekani na kufariki London mwaka 1936, aliacha kampuni yake mikononi mwa wadhamini ili faida yake iende kwenye utafiti wa tiba, na fedha za wosia huo ndizo zinazosaidia hadi leo utafiti wa malaria pale Kilifi, Kenya. Sisi hatuna viwanda vya dawa. Moja ya ishirini ya mali ya mkulima haitaleta chanjo, lakini itanunua vioo vya kupakia damu, au petroli ya pikipiki ya kumfikisha mpimaji kijijini, na vitu hivyo visipokuwapo kazi husimama. Tumefundishwa kwamba mtu akifa, matendo yake hukatika isipokuwa matatu, na mawili kati yake ni sadaka yenye kuendelea na elimu inayonufaisha. Sijui sadaka gani inayoyakusanya yote mawili kwa ukaribu zaidi ya hii.

Nina ombi moja kwa taasisi zenyewe. Zitoe tangazo la Kiswahili chepesi, libandikwe katika hospitali, misikiti, makanisa na ofisi za vyama vya ushirika, likitaja jina rasmi la kuandikwa kwenye wosia, akaunti, na ofisa anayepokea na kutoa stakabadhi. Laiti tangazo kama hilo lingekuwapo, msimamizi wa mirathi ya mjomba wangu asingerudi nyumbani na fedha zile mfukoni.

Wosia wangu nimeuandika mwezi uliopita, kwa wino, mbele ya mashahidi wawili wasionirithi. Mikorosho kumi na minne ya upande wa mashariki wa shamba langu, mavuno ya misimu mitatu, ni ya utafiti wa matende na mabusha. Jumamosi nilikwenda shambani na mpwa wangu, niliyemteua kuwa msimamizi, tukaihesabu pamoja, na kila mti tukaufunga utepe wa kanga kuukuu ili siku hiyo ikifika asiwe na haja ya kumuuliza mtu.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara