Aden: tarehe ya kuondoka ilikuwepo, wa kuachiwa hakuwepo

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila zikija habari za majeshi ya kigeni kufungasha virago watu wanauliza wanaondoka lini, mimi naonaga swali la kwanza ni wanamwachia nani, na Aden, ile bandari ya kusini mwa Yemen, ndo pa kujifunzia.

Mwingereza aliiteka Aden 1839, afu huko bara akasaini mikataba ya ulinzi na masultani na masheikh. Julai 1964 kule London, Aden na hao watawala wa bara wakaahidiwa uhuru usiopita 1968 na kambi ya jeshi la Mwingereza ingebaki. Haikupita miaka miwili, Februari 1966 serikali ya Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, ikasema hela hakuna, kambi inafungwa, na mkataba wa kuwalinda baada ya uhuru msahau. Sasa we jifanye ndo polisi wa Kiarabu pale Aden, bosi kashatangaza anahama na NLF na FLOSY, vile vikundi viwili vya wapigania uhuru vilivyokuwa mahasimu, wote wanakujua mpaka mlango wa nyumba yako, utamtumikia kwa moyo gani? 20 Juni 1967 jibu likaja, askari wa shirikisho (lile la Aden na masultani wa bara chini ya Mwingereza) na polisi wakaasi, Waingereza zaidi ya 20 wakauawa siku hiyo, na Crater, mtaa uliokaa ndani ya shimo la volkano iliyozimika, ukawatoka mikononi karibu wiki mbili mpaka Mitchell, kamanda wa Kiingereza, alipoingia na kikosi chake usiku.

Na Kamishna Mkuu, yaani mkuu wa utawala wa Mwingereza, pale mpaka Mei mwaka huo alikuwa nani? Turnbull, yuleyule gavana wa mwisho wa Tanganyika! Dar alikuwa na TANU na Nyerere wa kukaa naye mezani, Aden NLF wamepigwa marufuku mpaka 1967 na huku wanachinjana na FLOSY.

Kijeshi sikatai, walijipanga. Familia zilirudishwa kwao mapema, wanajeshi wakaachia vitongoji vya Sheikh Othman na Little Aden wakajisogeza taratibu mpaka uwanja wa ndege wa Khormaksar, manowari zinasubiri nje, wa mwisho wakatoka kwa helikopta 29 Novemba. Ila mazungumzo na NLF kule Geneva yalianza kama wiki moja tu kabla ya hapo, wakati masultani wengi washakimbia na jeshi la shirikisho lishahamia NLF lenyewe, na hata hapo wakabaki wanabishania pesa za msaada.

Msomaji wako