Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: bei ya dawa iandikwe kwenye boksi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kutoka Nkuhungu, jiji hili hili ilipo ofisi yako. Nimevumilia vya kutosha. Wiki iliyopita duka la dawa hapa mjini limepandisha tena bei ya haidroksiyurea, dawa anayomeza binti yangu kila siku kwa ajili ya sikoseli. Muuzaji anasema naye ameuziwa hivyo.

Shemeji yangu yuko Chennai anauguza. Nikamwomba aulizie. Dawa ile ile, miligramu zile zile, bei haifiki nusu ya ninayolipa mimi. Tena boksi la huko limechapishwa bei ya juu kabisa anayoruhusiwa kuuza mwenye duka, kodi ikiwa ndani. Nimeligeuza boksi langu pande zote. Kuna tarehe ya mwisho wa matumizi, kuna jina la kiwanda, nacho ni cha India. Bei hakuna.

Mheshimiwa, hii si dawa mpya. Marekani waliiidhinisha kwa sikoseli mwaka 1998, na leo inatengenezwa na viwanda vingi. Mimi nadhani inapita mikono mingi mno: mwagizaji, muuzaji wa jumla Dar es Salaam, wa jumla mwingine Dodoma, kila mmoja anaweka chake. Labda na bei ya dola imechangia. Lakini TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, inakagua ubora. Bei anaikagua nani?

India wana mamlaka ya bei za dawa tangu 1997. Afrika Kusini, tangu 2004, dawa inatoka kwa mtengenezaji kwa bei moja inayojulikana, na ada ya mfamasia ina kikomo. Hao ni wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na ni SADC iliyoichagua MSD, bohari yetu ya dawa ya serikali, mwaka 2017 iratibu ununuzi wa pamoja. Tuliambiwa nchi zikinunua pamoja, bei itashuka. Nakukumbusha kwa heshima: huku dukani haijashuka.

Dozi hupimwa kwa uzito. Mwanangu akiongezeka kilo, jambo ninalomwomba Mungu, gharama nayo inapanda. Kipupwe cha Juni na Julai kikiingia hapa Dodoma, viungo vinamuuma mpaka hawezi kusimama. Akikosa dawa, ni wodini na kuongezewa damu. Kliniki nakutana na kina mama wanaompa mtoto leo, kesho wanaruka, ili boksi lifike mwisho wa mwezi. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka. Wote hao wanangoja nini?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, nami naisubiri kama wengine. Ila dawa inamezwa leo. Siombi ya bure, Mheshimiwa. Naomba bei ya juu iwekwe na iandikwe kwenye boksi. Kama haiwezekani kwa dawa zote, anza na hii ya sikoseli. Hii moja tu, kabla ya kipupwe kijacho.

Wako mtiifu,
Mama wa mtoto mwenye sikoseli
Nkuhungu, Dodoma