Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kufungua na Kuhamisha Nyumba za Lustron

Ndugu wanachama,

Kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu ni kuwashauri wenye nyumba za Lustron, yaani nyumba za paneli za chuma zilizotengenezwa kiwandani Marekani, wanaolazimika kuzihamisha. Kiwanda kilichozitengeneza, huko Columbus, Ohio, kilifunga kazi mwaka 1950 baada ya kutoa nyumba zipatazo 2,500. Paneli ikiharibika leo hakuna pa kuagiza nyingine, isipokuwa ipatikane kwenye Lustron iliyokwisha kuvunjwa.

Nyumba hufunguliwa kinyume na ilivyojengwa. Umeme, gesi na maji hukatwa kwanza, na vigae vya sakafu hupimwa asbesto kabla ya mtu kuvigusa. Kuta za ndani, makabati na dari hutolewa wakati paa bado linazuia mvua. Kisha paa lenyewe, kuanzia kileleni kushuka, halafu paneli za nje, kenchi na fremu.

Paneli za nje ndizo zenye kazi. Zina futi 2 kwa 2, na enameli yake ni kioo kilichochomwa juu ya chuma. Zimeshikana kingo kwa kingo, skrubu zimefichwa, na gasketi katikati (ukanda wa kuziba kiungo) imekauka na kugandia. Fundi mwenye haraka huchomeka mtaimbo kwenye kiungo. Chuma kikipinda kidogo tu enameli inabanduka ukingoni, na kutu inaanzia hapo. Itafutwe paneli iliyofungwa mwisho, gasketi ikatwe kwa kisu chembamba, ndipo skrubu iguswe. Skrubu iliyoshika kutu inyweshwe mafuta ya kulegezea na kuachwa hadi kesho yake. Ikigoma, kichwa chake kitobolewe kwa drili. Grinda isitumike kabisa: cheche zake huyeyuka na kunata kwenye enameli, na alama hizo hazisuguliki zikatoka.

Namba iandikwe mgongoni mwa kila paneli: ukuta, safu, nafasi. Skrubu za kila ukuta ziwe na mfuko wake. Paneli zisafirishwe zikiwa zimesimama, kukiwa na kitambaa kizito kati yake. Kuzifunga plastiki pande zote kunafungia unyevu ndani.

Nyumba iliyofunguliwa Arlington, Virginia, mwaka 2006 ilioneshwa MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 2008, kisha ikarudi Columbus ikajengwa upya ndani ya makumbusho. Hiyo ilibahatika. Nyingine vipande vyake hukaa ghalani hadi anayelipia ghala achoke, vikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza chama kisitoe vifaa wala mafundi kwa mradi ambao hauna kiwanja na sakafu ya zege iliyokwisha kupimwa. Pembe za sakafu zisipokuwa nyuzi 90, fremu huvutwa upande na paneli za mwisho hazikutani. Pendekezo hili litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu, pamoja na ombi la kununua rafu za kuhifadhia paneli za akiba.

Mwenyekiti