Pini zenye kamba: kilichobadilika kwenye bolingi na kilichobaki vilevile

Swali tunaloulizwa kuliko yote siku hizi hapa ukumbini kwetu ni la zile kamba. Mchezaji anarusha mpira, pini zinaanguka, halafu badala ya kufagiliwa kwenda shimoni, nyuma kabisa, zinapaa zote kumi kwa mpigo, kila moja ikining'inia kwenye kamba yake iliyofungwa kichwani. Sekunde chache baadaye zile zilizokuwa zimebaki wima zinashushwa tena. Aliyezoea mashine za zamani huuliza: huu bado ni mchezo uleule? Kwa sehemu kubwa ndiyo. Kwa sehemu moja hapana, na sehemu hiyo inagusa alama zako, kwa hiyo ni haki yako uielewe.

Tuanze na mashine ya zamani, ile ya pini huru. Njia moja, yaani sakafu moja ndefu ya kurushia mpira, hutumia pini kama 20: kumi ziko mbele yako, nyingine kumi zinapangwa juu, nyuma ya ule ukuta wenye picha. Mpira ukishagonga, reki, yaani ufagio wa mashine, inashuka kuzuia, kisha inateremka meza yenye matundu kumi. Ndani ya kila tundu mna koleo linalobana shingo ya pini iliyosimama na kuinyanyua. Reki inafagia zilizolala, na meza inazirudisha zile ilizozishika mahali palepale zilipokuwa, hata kama moja iliteleza sentimita kadhaa bila kuanguka. Kule shimoni mpira unatafuta mlango wake, na pini zinachotwa na gurudumu kubwa, zinapandishwa juu, zinageuzwa ili kitako kitangulie, na kuingia moja moja kwenye vyumba vyake zikisubiri zamu.

Ni mashine ya ajabu, na nyingi zilizotengenezwa miaka ya 1960 bado zinafanya kazi hadi leo. Lakini kila hatua tuliyoitaja ina namna yake ya kukwama. Pini ikilala vibaya kwenye gurudumu, inaziba njia ya zinazofuata. Pini ikiteleza mbali kuliko koleo linavyofika, meza inatua juu ya kichwa chake, swichi ya usalama inakata, na mchezo wako unasimama ukiwa umebakiza pini mbili. Mkanda ukilegea, gurudumu linazunguka kivivu na seti inayofuata inachelewa. Ndiyo maana ukumbi wa pini huru lazima uwe na fundi muda wote milango ikiwa wazi. Fundi huyo hafundishwi kwa wiki mbili. Lazima aijue mashine kwa sauti yake, asikie mlio umebadilika kabla kitu hakijavunjika.

Hapo ndipo historia ya kumbi hizi inapofungamana na mashine. Zamani pini zilipangwa na vijana waliokaa nyuma ya njia, wakiinua miguu mpira unapoingia, kisha wakishuka kusimamisha pini kwa mikono. Huko Milwaukee, Marekani, ukumbi wa Holler House wenye njia mbili, uliofunguliwa mwaka 1908, uliendelea na utaratibu huo hadi karne hii. Mwaka 1946 kampuni ya AMF ilionesha hadharani mjini Buffalo mashine iliyobuniwa na Gottfried Schmidt, na mwaka 1952 zikaanza kufungwa kwenye kumbi. Kuanzia hapo ukumbi haukuhitaji tena kusaka vijana wa kupanga pini usiku wa manane. Kumbi zenye njia nyingi zikaota kila upande Marekani, kisha Japani, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilipita 3,000 kabla nyingi hazijafungwa ndani ya miaka michache.

Mashine ilijenga kumbi, lakini bili zililipwa na ligi. Kundi la watu wanaocheza kila Jumanne jioni, wiki baada ya wiki, mvua inyeshe isinyeshe, ni mapato ambayo mwenye ukumbi anaweza kuyahesabu mapema na kuajiri fundi kwa ajili yake. Marekani wanachama wa ligi walifika kama milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo chama chao, USBC, kina takriban milioni 1. Watu hawakuacha kupenda kuangusha pini. Walichoacha ni kujifunga kwa ratiba. Mchezaji wa sasa anakuja na marafiki Ijumaa au Jumamosi, anacheza michezo miwili, anarudi baada ya miezi. Ukumbi unajaa usiku mbili kwa wiki na siku nyingine unabaki mtupu, huku fundi akidai mshahara wa siku zote saba, kama inavyostahili.

Kamba zinaingia hapo. Si uvumbuzi wa jana: mchezo wa pini tisa wa Ujerumani umezitumia kwa miaka mingi, na bolingi ya pini tano ya Kanada pia. Mashine ya kamba haina gurudumu la kupandisha pini, haina koleo, wala haina seti ya pili. Mota inavuta kamba, pini zinapanda, zinatulia kwenye vikombe vyake, zinashuka. Kompyuta inajua pini imeanguka kwa kupima kamba yake imevutika kiasi gani. Sehemu zinazosogea ni chache sana, umeme unaotumika ni mdogo, na matatizo mengi ya kila siku yanaweza kutatuliwa na mhudumu aliyefunzwa vizuri. Kwa kumbi nyingi ndogo hii ndiyo tofauti kati ya kuendelea na kufunga, na sisi tunaona ni bora ukumbi wenye kamba kuliko ghala lililokuwa ukumbi.

Sasa ile sehemu inayogusa alama zako. Chukua straiki safi, yaani kuangusha zote kumi kwa mpira wa kwanza, ya mchezaji wa mkono wa kulia. Pini hupangwa pembetatu: ya 1 mbele, kisha safu kwa safu kutoka kushoto, hadi ya 7 kona ya kushoto na ya 10 kona ya kulia. Mpira unaingia kati ya pini ya 1 na ya 3, na kwa hakika wenyewe unagusa pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Sita zilizobaki zinaangushwa na wenzao. Ya 1 inaigonga ya 2, ya 2 inaigonga ya 4, ya 4 inaigonga ya 7. Upande wa pili ya 3 inaipeleka ya 6 kwenye ya 10, na ya 5 inaiangusha ya 8. Zaidi ya nusu ya straiki, basi, ni kazi ya pini zinazoruka, na pini iliyofungwa kamba hairuki kwa uhuru uleule.

Utaliona hili zaidi kwenye pini ya 10, ile ya kona ya kulia. Kwenye pini huru, ya 6 ikiikosa ya 10 kwa nje inaweza kujigonga ukutani, irudi ikizungukazunguka juu ya mbao, na kuifyeka dakika ya mwisho ulipokwisha kukata tamaa. Kamba humaliza safari hiyo mapema, na ya 10 inabaki imesimama. Kuna upande wa pili wa shilingi: mara nyingine kamba ya pini inayoanguka huinasa jirani ambayo haikuguswa na chochote, nayo ikalala. Tena, pini iliyoteleza hairudishwi ilipotelezea bali kwenye doa lake la asili. Kwa jumla straiki hupungua kidogo. Kwa sababu hiyo USBC ilipoanza kuidhinisha mashindano ya pini za kamba mwaka 2023, iliyaweka kama aina yake ya peke yake, na rekodi zake hazichanganywi na za pini huru. Ukilinganisha wastani wako wa kumbi mbili tofauti, uliza kwanza kila moja inatumia mashine gani.

Ushauri wetu kwa anayecheza kwenye kamba: wekeza kwenye spea, yaani kumalizia kwa mpira wa pili pini zilizobaki. Ukiangusha 9 kwa mpira wa kwanza na kumalizia ile moja katika raundi zote kumi, pamoja na 9 za mpira wa nyongeza mwishoni, unatoka na alama 190 bila straiki hata moja. Kwa pini za kona rusha mpira mgumu wa plastiki, ulionyooka, ukikatisha njia kutoka upande wa pili: simama kushoto kwa pini ya 10, simama kulia kwa pini ya 7.

Kisichobadilika hata kidogo ni njia yenyewe. Kutoka mstari wa faulo, ule ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya kwanza ni mita 18.29, upana ni kama mita 1.05, na pini zina kimo cha sentimita 38. Juu yake kuna mafuta, ambayo wachezaji wengi hawayaoni kabisa. Njia nzima hupakwa mililita 20 hadi 30 hivi, yaani vijiko viwili vya kulia, na hutandazwa kama mita 12 za mwanzo, mengi katikati na machache pembeni. Mita sita za mwisho ni kavu, na hapo ndipo mpira unaopinda hushika na kugeuka. Kila mpira unaopita hubeba mafuta kidogo, mengine ukiyaburuta mbele. Ndiyo maana mpira ulioingia vizuri saa mbili unaanza kupinda mapema saa nne. Usilaumu mkono wako. Ikiwa unatumia mkono wa kulia na mpira unapita kushoto kwa pini ya kwanza, sogeza miguu kushoto kwa upana wa mbao mbili za sakafu, uendelee kulenga mshale uleule uliochorwa kwenye njia. Kosa linaelekea wapi, miguu iende huko huko.

Tunasafisha na kupaka mafuta kila siku kabla ya kufungua. Kamba tunazikagua kwa mkono, hasa pale zinapoingia kichwani mwa pini, kwa kuwa ndipo zinapochakaa kwanza. Nyuzi zikianza kufumuka tunabadilisha hapo hapo. Kamba moja iliyovutika kuliko wenzake hufanya pini itue ikiyumba au kompyuta isome vibaya.

Upande wako kuna mambo machache. Usirushe mpira pini zikiwa bado zinashuka: utazinasa hewani na kamba zitasokotana. Zikisokotana, mashine hupandisha na kushusha pini mara kadhaa ikijaribu kuzitenganisha yenyewe, kwa hiyo ipe muda huo kabla hujaita mhudumu. Ikiwa kioo cha alama kimehesabu pini ambayo uliiona imesimama, sema kabla ya mpira unaofuata, maana alama hurekebishwa kwa urahisi wakati huo. Usivuke mstari wa faulo kufuata mpira uliokwama mferejini, pembeni mwa njia. Mafuta yatakuangusha, na kiatu kitarudi nayo hadi sehemu ya kukimbilia, pale mchezaji anapochukua hatua kabla ya kurusha, kimwangushe na mwenzako. Kiatu chenye soli iliyolowa ni hatari kwa namna nyingine: hakitelezi, mguu unagota ghafla na mwili unaendelea mbele. Ukitoka nje kwenye maji, rudi kwenye kaunta ubadilishiwe jozi nyingine.