Barua kwa mwanangu aliyeko kambi ya jeshi Mafinga

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku Wete wazima. Mchumo wa karafuu umeanza, babaako haonekani nyumbani ila usiku, na nguo zake zote zinanuka makonyo. Simu zenu mmezikabidhi, basi nakuandikia.

Zile dakika chache ulizopewa kupiga Ijumaa, ulitwambia unakula vizuri na kwata umeshaielewa. Kisha ukashusha sauti: usiku unaamka kabla ya filimbi, moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, unahisi pumzi zimekwisha. Simu ikakatika kabla sijakujibu.

Bibi yako alikuwa pembeni yangu, na yeye hakungoja. Alasiri ile ile kapeleka sahani kwa maalim iandikwe kombe, aya za Qurani za kuoshwa kwa maji yakanywewa, akanijia na chupa ya soda imejaa maji ya zafarani, ati niipakie melini ikufikie. Nikamwambia makuruta hukaguliwa mizigo, na afande akikuta maji ya rangi ile kwenye sanduku la Mpemba, utakuwa na kazi ya kujieleza mpaka mafunzo yaishe. Wanavyotusema huko Bara kwa uchawi unavijua. Kanuna, kisha kainywa mwenyewe.

Dua zake zipokee. Lakini hilo lililokupata mimi naliona kazini. Watu huletwa wodini usiku wa manane wameshika kifua, wengine wameshatoa wasia, na moyo ukipimwa hauna kasoro. Ni wasiwasi. Mwili ukiogopa humwaga adrenalini kwenye damu: moyo hupiga kwa nguvu ili miguu ipate damu ya kukimbilia, tumbo husimamisha kazi, ndiyo maana saa hizo ugali haupiti. Nawe ukidhani umekosa hewa unahema mbio mbio, na huko kuhema ndiko kunakotia vidole ganzi na kichwa kikawa chepesi. Hewa unayo tele. Kishindo chake hupanda, na mara nyingi ndani ya dakika kama 10 huanza kushuka chenyewe, ufanye jambo au usifanye.

Kwa hiyo kikikushika usishindane nacho. Lala chali, mkono juu ya tumbo, vuta pumzi kwa pua polepole, kisha itoe kwa mdomo kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Ukitaka kipimo, vuta ukisema moyoni Subhanallah, toa ukisema Hasbunallahu wa ni'mal wakil, bila ya haraka. Hii ya pili ni ndefu, ndiyo maana nimekuchagulia.

Kisha kuna jambo nimeligundua katika maneno yako. Hukulalamikia mchakamchaka, hukulalamikia doso, zile adhabu za kambini, wala jembe. Kinachokutesa ni ule muda wa kuingojea filimbi. Ikishalia na ukasimama mstarini, uko sawa na wenzako. Basi ukiamka mapema usijilaze ukitega masikio. Tafuta kamba za buti kwa kupapasa, zifunge, kunja shuka, na ukipata nafasi sali rakaa mbili. Na miezi iliyobaki usiihesabu. Hesabu mpaka Adhuhuri, ukifika Adhuhuri uhesabu mpaka Alasiri.

Makelele ya afande usiyaweke moyoni. Anataka mkono wako ufanye jambo sawasawa hata masikio yakiwa yamejaa zogo, na leo kakuita wewe goigoi, kesho atamwita mwengine. Kula hata kama huna hamu, maji unywe kabla ya kiu. Chai ya rangi ya usiku iache; najua Julai huko baridi inakula mifupa na chai inashawishi, lakini itakukesha.

Sasa nisikilize vizuri. Kifua kikiuma unapokimbia, au ukazimia, hilo usiliite wasiwasi. Toka mstarini, sema, uende zahanati ya kambi. Na ikiwa usiku baada ya usiku hulali, huli, ukaanza kufikiria kutoroka au kujidhuru, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Ukiona tabu kwenda peke yako, mwambie mwenzio wa kitanda cha chini akusindikize, au afande unayemwona ana utu. Wanaume wa kwetu hufunzwa kunyamaza mpaka wapasuke. Mimi sikukulea hivyo, wala sitaona haya ukirudishwa nyumbani. Babaako naye kasema hivyo hivyo, ingawa alikuwa amegeukia redio.

Nakutumia soksi nzito na mafuta ya mgando, midomo isikupasuke. Ukipewa simu tena, piga baada ya Isha. Mchana inakaa kwa bibi yako, na hapokei mpaka atafutiwe miwani.

Mamaako