Kiazi cha dalia huuawa na maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu dalia, ua ambalo wengi hulipanda mara moja, likawashinda, wakaapa kutolirudia. Nilikuwa mmoja wao. Mwaka wa kwanza nilifukia viazi sita, nikavimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, na baada ya majuma matatu, nilipofukua nione kulikoni, vitano nilivikuta vimekuwa rojo la kahawia linalonuka.

Kiazi cha dalia hufukiwa kikiwa na akiba yake ya maji na chakula, lakini bado hakina mizizi ya kunywea, kwa hiyo unyevu wa kawaida wa udongo hukitosha mpaka chipukizi lichomoze, na kila ndoo inayomwagwa kabla ya hapo hukiozesha tu. Asili ya ua hili ni nyanda za juu za Meksiko, ambako limekuwa ua la taifa tangu 1963, nalo halivumilii udongo unaotuamisha maji. Shimo la sentimita 10 hadi 15 linatosha, mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Kiu ya kweli huja baadaye, mmea ukishashika na kuanza kutoa matumba. Hapo ndipo ndoo inapohitajika.

Kiazi cha sita hakikuoza, ila hakikuota pia. Macho ya dalia hayakutawanyika mwili mzima kama ya kiazi mviringo, bali yako shingoni, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani, na kiazi kilichokatwa bila kipande cha shingo hiyo hakitachipua hata kiwe kinene namna gani. Wanaotuuzia viazi hivyo wangetutendea haki kama wangetuonyesha jicho kabla ya kupokea fedha.

Mti wa kuegemeza uchomekwe siku ile ile ya kupanda, kwa sababu anayengoja mmea urefuke ana hatari ya kukitoboa kiazi. Majani yakifika jozi nne, kata ncha ya shina, ingawa roho itakuuma, ili matawi yatoke ubavuni.

Kisha kuna kosa la kukata tumba badala ya ua lililokwisha, kosa ambalo mimi nililifanya msimu mzima huku nikilalamika kwamba dalia zangu ni gumba. Tumba changa ni la mviringo kama kifungo, ilhali ua lililomwaga petali hufumba likachongoka, na ukilibonya huwa laini, lenye majimaji. Hilo lililochongoka ndilo la kukatwa, tena mapema, kabla mmea haujajishughulisha na mbegu.

Konokono wanaotafuna machipukizi usiku bado wananishinda. Ikiwa yuko msomaji anayewazuia bila sumu, namwomba aandike kupitia ukurasa huu.

Wako,
Msomaji mpenda bustani