Patasi ya babu yako

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Mama yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua. Tangu tuongee kwenye simu juzi sijalala vizuri. Uliniambia randa yako haionekani wiki nzima sasa, na shaka yako imemwangukia huyo kijana unayemfundisha kazi, kwa kuwa ndiye aliyefunga karakana siku ile. Nilinyamaza maana sikuwa na la kusema. Leo ninalo.

Unaikumbuka patasi ya babu yako? Ulikuwa mdogo. Chuma chake kilikuwa na muhuri wa Sheffield, Uingereza, na mpini babu aliuchonga mwenyewe kwa mpingo. Aliifanyia kazi kwenye karakana ya reli hapa Tanga mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, akarudi nayo nyumbani kwenye kisanduku kimoja na timazi na kinoo. Akanipa mimi. Sijapata kushika patasi nyingine iliyonikaa mkononi kama ile.

Mwaka 2009 ikapotea. Siku hiyo tulikuwa tunamalizia kabati la vyombo la mama yako, mimi na kijana wangu wa kazi. Jioni nahesabu vifaa, patasi hakuna. Tukapekua kila pembe. Kijana akaapa, mimi nikakiona kiapo chake ni cha mwizi, kwa sababu moja tu: alikuwa maskini na patasi ilikuwa nzuri. Nikamwambia kesho asirudi. Alikuwa na miaka 17, imebaki miezi michache amalize kujifunza. Akavua koti lake la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza, akaondoka. Hata siku zake za wiki ile sikumlipa.

Mwaka jana mchwa wakaliingia kabati lile. Nikalivuta kutoka ukutani, nikabandua plaiwudi ya nyuma. Patasi hiyo, imelala nyuma ya droo ya chini. Chuma chote kutu, unaijua hewa ya bahari. Mpini mzima kabisa, mpingo mchwa hawauwezi. Nikakumbuka palepale. Niliitumia kupanua tundu la kiungio, ulimi wa ubao unaoingia humo ulikuwa unabana, nikailaza mle ndani ili nishike nyundo, kisha nikagongelea plaiwudi. Kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikaa sakafuni mpaka adhana ya magharibi.

Nikailoweka kwenye siki usiku kucha, nikaisugua kwa stilwaya, nikaiosha, nikaikausha, nikaipaka mafuta. Imebaki na vishimo vishimo, lakini kwenye makali chuma bado kizima. Halafu nikaanza kumtafuta yule kijana. Nikaelekezwa Muheza, anatengeneza milango kwenye karakana yake. Mtu mzima sasa, ana watoto watatu. Nikampa patasi mkononi, nikamweleza ilikokuwa, nikamwomba radhi mbele ya vijana wake, nikamlipa na zile siku zake. Hela akapokea. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaagiza kinoo, akainoa kimya kimya kwa muda mrefu bila kunitazama. Alipomaliza akaijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake, akanirudishia.

"Mzee, siku ile nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani," akasema. "Mama aliniuliza mara mbili kama kweli niliichukua."

Hilo la mama yake sijui nitalilipa kwa kitu gani.

Sasa randa yako. Maranda mliyofagia wiki ile yako wapi? Kama mliwauzia wafugaji wa kuku, nenda kawaulize, randa ndogo huzolewa ikaingia guniani bila mtu kuiona. Fungua kila mlichokifunga siku ile, kitanda, droo, kabati. Uliza nani alikuja kuazima. Ukimaliza, chora ukutani umbo la kila kifaa, kila kimoja kwenye msumari wake, ili jioni pengo ulione kabla ya kufunga mlango. Mimi kwangu nimechora mwaka jana tu, na kazi hii nimeanza kabla hujazaliwa.

Kijana mwache aje kesho kama kawaida, mtafute pamoja.

Patasi shangazi yako atakuletea Ijumaa, nimeifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Usiinoe kwanza. Makali iliyo nayo ni ya yule wa Muheza.

Baba yako